Harusi Iliyotoka Stoo

Nyumba yetu hapa Garsen ina vyumba vya kulala na stoo, na kwa miaka mingi stoo ndiyo iliyokuwa chumba kikubwa kuliko vyote. Baba aliijenga mwenyewe alipoacha udereva wa malori. Aliinua msingi wake kupita wa nyumba yenyewe, ikawa kuingia humo lazima upande ngazi, kisha akaweka dirisha dogo la wavu karibu na dari na mlango wa bati wenye kufuli. Mimi na mdogo wangu tulibanana kwenye kitanda kimoja, huku magunia yakijinyoosha yanavyotaka.

Ndani yake mlikuwa na kila kitu kikavu kinacholiwa. Mahindi yalikaa kwenye mapipa ya plastiki ya buluu, yamechanganywa na majivu ya kuni na majani ya mwarobaini. Mpunga kutoka Kulesa, ambao bado haujakobolewa, ulikuwa kwenye magunia yaliyolazwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Kunde na pojo zilijazwa kwenye chupa za soda, zikafungwa vifuniko hadi vidole viume. Unga wa ngano ulikuwa kwenye ndoo za rangi zilizosuguliwa mpaka zikasahau rangi. Kulikuwa na sukari, chumvi, majani ya chai, maziwa ya unga, tambi, biskuti za paketi na tende. Kambare wakavu walining'inia peke yao upande wa pili kwa sababu ya harufu. Na juu ya rafu palikuwa na mkebe mkubwa wa nyama kavu iliyozamishwa kwenye samli, ambao Baba aliununua kwa mama mmoja wa Kiorma anayeleta maziwa mjini.

Hakuna kitu kilichoingia humo bila kupita mdomoni mwa Baba. Alitwaa punje ya hindi, akaiweka kwenye gego, akafumba macho kama anayesikiliza redio. Ikivunjika kwa mlio, ilipita. Ikibonyea, ilirudishwa juani, na kurudishwa juani maana yake ni mimi na mdogo wangu kukaa kando ya turubai tukifukuza kuku na mbuzi wa majirani wakati wasichana wenzetu wamekwenda kusukana. Wapita njia walioona mapipa na magunia yakianikwa walidhani tuna duka. Walisimama wakauliza bei ya pojo. Baba aliwaambia hauzi, nao wakaenda zao wakiamini wamejibiwa na mtu mwenye maringo.

Sababu ya yote haya tuliijua tangu utoto. Zamani, Baba alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja, akipeleka bidhaa Lamu. Safari moja mvua ilimkamata njiani baada ya Garsen, lori likazama matopeni, na maji yakaja mbele na nyuma. Lori lilikuwa limejaa unga, mchele na biskuti, limefunikwa turubai na kufungwa kamba. Lakini mali haikuwa yake, na Baba ni mtu ambaye hawezi kufungua kamba ya mwenzake. Akakaa juu ya chakula akiwa na njaa. Alichemsha maembe machanga na chumvi, mpaka wafugaji waliokuwa wakihamisha ng'ombe wakamwona, wakampa maziwa. Aliporudi nyumbani, Mama anasema, suruali yake ilikuwa inashikiliwa na kamba. Alianza kuweka akiba tangu wakati huo, kwanza chini ya kitanda, halafu kabatini, halafu akajenga stoo.

Akiba yenyewe ilikuwa ya siku ambayo barabara itakatwa. Kwa kuwa barabara yetu hukatwa, hakuna aliyemcheka kwa hilo. Tulichomcheka ni kwamba ufunguo aliufunga kiunoni, na alichokitoa kila mara kilikuwa kile kilichozeeka zaidi. Unga ukikaribia kuharibika, ndipo tulipoupata. Mpya uliingia, ukakaa ukingoja uzeeke nasi tuje tuule. Mama, ambaye ana shamba lake Idsowe na anajua ladha ya kunde iliyotoka shambani jana, alilalamika kwa miaka, kisha akazoea. Alikuwa akisema ameolewa na mtu anayelisha watu chakula cha mwaka jana.

Mambo yalikuwa hivyo mdogo wangu alipopata mchumba. Kijana alikuwa mtu wa Kipini, anayeleta samaki wa barafu mjini kwetu, na mdogo wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha kutuma pesa karibu na soko. Kijana alituma pesa nyumbani kwao mara nyingi kuliko samaki aliowauza, mpaka sisi sote tukaelewa. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyekuja kuposa kwa niaba yake ni ami yake, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Pamoja naye alikuja shangazi ya kijana, mwanamke mnene, mchangamfu, na kina mama wawili wa ukoo, na kijana mwenyewe nyuma akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Mama yake alibaki Kipini kwa sababu ya miguu.

Wakati huo mto ulikuwa umeanza kujaa. Mvua haikuwa yetu. Ilinyesha huko juu, sisi tukaletewa maji yake. Lakini barabara ilikuwa bado inapitika, na wageni walikusudia kuja asubuhi, wazungumze, wale, warudi kwao kabla ya jua kuzama. Gari la kukodi liliwashusha mlangoni, na dereva akaomba aende kumwona ndugu yake upande wa Witu, atawarudia alasiri.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mahari ilikubaliwa bila kuvutana. Mama alikuwa amechinjisha mbuzi, na pilau ikaliwa mpaka ami akafungua kifungo cha shingoni. Alasiri dereva alipiga simu. Alisema maji yamepita juu ya barabara baina yetu na yeye, tena yanapita kwa kasi, na hata malori yamesimama. Kabla hatujamaliza kupeana pole, jirani alileta habari kwamba upande wa Idsowe pia, njia ya kwenda Malindi, pamefunikwa. Shamba la Mama lilikuwa chini ya maji. Garsen ilikuwa imegeuka kisiwa, nasi tulikuwa na wakwe ndani yake.

Nilimtazama Baba. Alijaribu kuonyesha huzuni mbele ya wageni, akashindwa. Mtu aliyesubiri jambo kwa nusu ya maisha yake, likifika, uso haumtii. Alimwambia ami asiwe na wasiwasi wowote, hapa hawatakosa kitu. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia akitikisa kufuli kuona kama imefungwa sawasawa.

Wanawake walilala kwetu, na mimi nikahamia mkekani. Ami na kijana walipewa chumba kwa jirani yetu aliye ng'ambo ya njia. Lakini kula kwao kulikuwa kwetu, kwa hiyo kuanzia swala ya alfajiri mpaka isha wote walikuwa uani mwetu.

Kesho yake Mama aliomba ufunguo. Baba akasema atatoa mwenyewe. Alipanda ngazi, akafunga mlango nyuma yake, tukasikia vifuniko vikifunguliwa na kufungwa, kisha akatoka na kikombe cha unga na chupa moja ya kunde. Mama alikitazama kile kikombe, akatutazama sisi na wageni wetu. Kisha akaongeza maji kwenye sufuria. Uji wa asubuhi hiyo ulikuwa mwepesi kiasi kwamba uliona maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

Siku iliyofuata ilikuwa vilevile, na iliyofuata pia. Sokoni hapakuwa na kitu. Maduka yalimaliza unga na sukari mara tu watu walipojua lori halitafika. Baba alitoa kikombe hiki, chupa ile, kila mara kilicho kizee zaidi, kila mara kidogo. Nilipomuuliza faraghani kama hii si ndiyo siku aliyoiwekea akiba, alifikiri kweli, hakunijibu kwa hasira. Alisema maji bado yanapanda, hakuna ajuaye yatakaa muda gani, pengine siku yenyewe bado haijafika.

Wageni walikuwa na adabu zao. Walikula, wakashukuru, wakasema wameshiba. Ami alikwenda kuangalia mashua za injini zilizokuwa zikivusha wagonjwa na watu wenye dharura, akarudi akisema yeye amezaliwa baharini na hana hofu na maji, lakini bahari haina viboko. Wakaamua kungoja.

Shangazi ndiye aliyechangamsha nyumba. Kwao husema Kiswahili cha upande wa Lamu, na sisi tuliokulia na Kipokomo na Kiswahili cha sokoni tulikuwa tukimsikiliza kama tunaosikiliza taarabu. Mchele kwake ulikuwa mtele, njaa ilikuwa ndaa. Asubuhi ya kwanza aliniita kutoka jikoni, "Ndoo, mwanangu, ndoo," nami nikampelekea ndoo. Aliipokea, akaitazama, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ameiomba. Alicheka hadi akakaa chini. Kumbe alikuwa ananiambia njoo. Tangu hapo kila alipotaka kuniita alisema, "Ndoo, lakini usilete ndoo."

Aliyepata taabu zaidi ni mdogo wangu. Kwa heshima za kwao na kwetu, mchumba hakutakiwa kumwona kabla ya ndoa. Sasa mchumba alikuwa uani tangu alfajiri, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana pa kwenda. Na choo chetu kiko mwisho wa ua, ng'ambo ya kile kiti. Kila mdogo wangu alipotaka kutoka, nilitangulia mimi, nikamwuliza kijana kama angependa kwenda kuangalia maji yamefika wapi. Mwanzoni alikwenda bila kuuliza. Baadaye akawa akiniona tu nikitokea mlangoni, anasimama mwenyewe, anasema wacha nikaangalie maji. Nadhani katika Garsen nzima hakuna aliyejua kina cha mto kama yeye.

Siku moja alirudi mapema. Mdogo wangu alikuwa katikati ya ua, kavaa dira ya kufanyia kazi, kichwani kajifunga kitambaa kilichokuwa na unga. Wakatazamana. Yeye akageukia ukuta, na kijana akageukia ukuta wa upande wa pili, wakabaki hivyo kila mtu akisubiri mwenzake aondoke. Shangazi aliona yote akiwa amekaa kwenye kibaraza akichambua pojo. Aliweka sinia chini.

Alasiri hiyo aliwakusanya wakubwa sebuleni, nami nikapata nafasi ya kusimama mlangoni na birika la chai. Alisema jambo lile halina maana tena. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, familia mbili ziko nyumba moja, msikiti uko karibu na imamu wake ni mzima wa afya. Watoto wanachezeshwa kibemasa, kujificha na kutafutana, kwa sababu ya choo. Kwa nini wasifungishwe ndoa, watu wapumue?

Ami alikuna kidevu, akasema yeye haoni kizuizi. Simu ilipigwa Kipini, na mama wa kijana alilia kwanza kwa kuwa hatakuwepo, halafu akatoa radhi zake, kwa sharti kwamba karamu nyingine ifanywe kwao njia ikifunguka. Mdogo wangu aliulizwa chumbani. Alichosema ni kwamba hata leo.

Akabaki Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Alisema hana pingamizi na ndoa, lakini binti yake hawezi kuolewa kama mtu aliyeokotwa. Majirani lazima waalikwe, watu wale washibe. Na mji mzima hauna hata kilo ya mchele dukani.

"Chakula cha harusi tutakitoa wapi?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Hakuna aliyecheka. Ami alitazama dari, Shangazi alitazama kikombe chake, na mimi nikatazama dirishani, ambako ukuta wa stoo ulikuwa umeziba jua.

Mama alikuwa pembeni na ungo mapajani. Miaka yote nilimjua kama mtu wa kumlalamikia Baba kwa sauti, kutoka jikoni, akijua anasikika. Mara hii aliongea taratibu, kama wako wawili tu.

"Lile lori lilikuwa la watu, mume wangu," alisema. "Stoo hii ni yako."

Baba alimtazama Mama, uso ukimbadilika kidogo kidogo, na nikaona mkono wake umekwenda kiunoni bila yeye kujua. Alifungua fundo. Lilikuwa limekaza kwa miaka, ikabidi atumie meno. Kisha akasimama, akampa Mama ufunguo mbele ya wakwe, akatoka nje. Alikwenda akasimama karibu na mwembe wa jirani, ametupa mgongo, akijifanya anazungumza kwenye simu.

Shangazi aliingia stoo kabla yetu sote. Tulimsikia akisema Subhanallah kwa sauti ya chini, akarudia. Kisha akavua ushungi wa juu, akajifunga leso kiunoni, akaanza kazi.

Alitoa kila kitu nje, kwenye turubai. Mambo mengine yalikuwa mazuri kupita tulivyotarajia. Kunde za kwenye chupa zilikuwa ngumu na safi kama changarawe. Mahindi hayakuwa na fukusi hata mmoja. Lakini nyuma kabisa, mahali ambapo mkono wa Baba ulikuwa haufiki siku hizi kwa sababu ya mgongo, tulikuta mambo mengine. Tambi zilikuwa na wakazi. Sukari ya gunia moja ilikuwa imeshikana ikawa jiwe. Biskuti zilikuwa laini, unaweza kuzikunja. Tende zilitoka jasho la sukari nyeupe. Baba alikuwa amerudi kimya kimya, amesimama chini ya ngazi, na kila paketi iliyofunguliwa aliipokea usoni kama habari ya msiba.

Shangazi hakumcheka. Tambi aliwapa kuku. Biskuti alizipanga juani, akasema zitakaza tena, na kweli zilikaza. Gunia la sukari alimkabidhi ami pamoja na nyundo. Alipofika kwenye mkebe wa nyama, alifungua kifuniko, akanusa, akatoa kipande kwa ncha ya kijiko, akakitafuna akiwa amefumba macho.

"Mkwe," alimwita Baba akiugonga mkebe, "hunu ndio wa pilau."

Baba alisogea. Akamweleza jinsi nyama ile inavyokatwa nyuzi nyembamba, inaanikwa, inakaangwa, kisha inalazwa kwenye samli isiguswe na hewa. Shangazi alisikiliza, akauliza maswali. Wakaanza kuongea kuhusu samaki, jinsi ng'onda wanavyokaushwa kwao kwa chumvi na jua, na kwa nini kambare wetu huchomwa moshi kwanza. Baada ya muda mfupi nilimwona Baba yuko juu ya ngazi mwenyewe, anashusha magunia ya mpunga, na anakataa kusaidiwa.

Mpunga ulitaka kukobolewa, na kinu cha mashine kilikuwa hakifanyi kazi kwa kukosa umeme. Tukakusanya vinu vya kutwanga kutoka nyumba za jirani. Wanawake wa mtaa walikuja na michi yao, Wapokomo, Waorma, na mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa na mikono yenye nguvu kupita wote. Kijana naye aliomba mchi. Ami alisita, akasema bwana harusi hatwangi, lakini kijana alijibu kwamba amechoka kuangalia maji. Akapewa kinu chake upande wa mbele wa nyumba. Mdogo wangu alikuwa upande wa nyuma na ungo, akipepeta. Mimi nilikuwa katikati, nikibeba mchele uliotwangwa na mchumba nikimpelekea mchumba aupepete. Hakuna aliyeniambia niseme chochote, lakini kila nilipopeleka sinia, mdogo wangu aliuliza huo ni wa kinu gani. Nikimwambia, aliupepeta polepole zaidi.

Nguo ilikuwa kazi yangu. Nashona nguo, hiyo ndiyo riziki yangu, na nilikuwa na kitambaa cheupe cha mteja ambaye alikuwa amekwama Malindi. Nilimpigia simu, akaniruhusu nikitumie, nitamnunulia kingine. Nilishona kwa cherehani ya miguu, mlangoni, nikifuata mwanga.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya swala ya adhuhuri. Kutoka hapo wanaume wakaja kwetu, na mtaa ukawafuata. Pilau ya nyama kavu ilipikwa kwenye masufuria makubwa ya msikiti, na harufu ya ile samli ilikwenda mbali kuliko mwaliko. Kulikuwa na kunde, kulikuwa na mahamri ya ule unga wa ndoo za rangi, tende, chai ya maziwa ya unga. Jambo moja lililomsumbua Shangazi ni nazi. Nazi haikupatikana kwa namna yoyote, na kwao Kipini harusi bila nazi ni kitu ambacho hawajawahi kukisikia. Aliyachanganya maziwa ya unga na maji ya moto, akayaonja, akatikisa kichwa, akayamimina kwenye mchuzi wa pojo akisema tutaficha haya. Waliokula hawakuficha, walirudia sahani.

Baba hakukaa na wazee. Alizunguka na bakuli, akiongeza wali kwenye sahani za watu. Aliongeza hata kwa waliofunika sahani zao kwa mkono. Ami alimvuta akae, naye akakaa kidogo, halafu akasimama tena kwa sababu amemwona mtu kwenye kona ambaye sahani yake iko nusu. Mama alikuwa amekaa na wanawake, kavaa leso mpya, ufunguo umefungwa kwenye pindo lake. Nilimsikia akimwambia Shangazi kwamba huyu mume wake, tangu amuoe, hajawahi kumwona akimpa mtu chakula bila kukipima kwanza.

Maji yalikaa. Tuliendelea kula kutoka stoo, sisi na wageni wetu na majirani waliokuwa wameishiwa, na sasa Mama ndiye aliyetoa. Uji ulikuwa mzito. Mdogo wangu na mume wake walipewa chumba chetu, na mimi nikazoea mkeka. Kile kiti cha plastiki kilirudishwa ndani kwa kuwa hakikuwa na kazi tena.

Barabara ilipofunguka, lori moja la mchanga lilikubali kuwapeleka hadi Witu. Mdogo wangu alipanda mbele, kakaa baina ya mumewe na dereva, na hakulia mpaka alipomwona Baba analia. Shangazi alinikumbatia, akaniambia niende Kipini atanifundisha kusema. Kina mama wawili walichukua chupa moja moja ya kunde, na Baba akawashindilia nyingine.

Baada ya hapo stoo ilikuwa tupu kabisa. Baba aliifagia, akaosha mapipa, akayapindua juani. Kwa siku kadhaa alikuwa akipanda ngazi, anaingia, anasimama katikati, anashuka. Mama alimwuliza anatafuta nini. Akasema anasikiliza, mle ndani sauti inarudi, hakuwahi kujua.

Haikupita muda mrefu, ikafika karamu ya Kipini, ile aliyoitaka mama wa kijana. Wazazi wangu walikwenda wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Baba kulala nje ya nyumba hii, na walikawia huko kuliko walivyosema. Mama alipiga simu akaniambia Baba anashinda ufukweni na ami, anakula samaki aliyetolewa majini saa ileile, na akiulizwa lini atarudi anasema barabara ni nzuri, hana haraka.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilifungua stoo, nikakuta gunia moja la mahindi ambalo Baba alikuwa ameanza nalo upya, limelala peke yake kwenye mbao. Chumba kilikuwa kizuri, kina hewa, hakivuji, na msingi wake hauogopi mto. Nikahamishia humo cherehani yangu, meza ya kukatia na kioo cha wateja. Nikaweka pazia mlangoni. Wateja walikipenda.

Baba aliporudi aliweka mfuko wake chini, akapanda ngazi, akasogeza pazia. Nilikuwa namshonea mtu sare za shule. Alitazama cherehani, akatazama meza, akatazama nafasi iliyobaki ukutani, nikajiandaa kuambiwa nitoe vitu vyangu.

Akaniuliza kama meza inaweza kusogea kidogo upande wa dirisha, pipa lipate kupita. Nikamwambia inaweza. Tukaishika huku na huku, tukaisogeza.